Nilivyounda chombo cha angani ndani ya ghala la Malindi

Siku mwigizaji alipovaa nguo ya angani kwa mara ya kwanza na kuingia kwenye korido niliyomjengea, alikwama. Alikwama kama kabati mlangoni: begi la mgongoni limeshika ukuta wa kulia, kiwiko kimeshika wa kushoto, na ile kofia yake kubwa imegonga boriti. Akabaki pale anatutazama kupitia kioo cha kofia. Mwongozaji, binti wa Nairobi ambaye alikuwa hajalala sawasawa siku nne, akakaa juu ya kreti ya soda. Akaniuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, “Fundi, ulipima nini?”

Nilikuwa nimepima ghala. Nilipima urefu na upana wake, nikahesabu mbao, nikagawa nafasi vizuri kabisa, korido ikatoka sentimita 80, sawa na mlango wa chumba cha kulala. Nguo ilikuwa bado iko kwa fundi cherehani Mombasa. Ilipofika ikiwa na mtu ndani, mabega peke yake yalikula sentimita 74, viwiko hujavihesabu. Na hata angepita, mpiga picha angepita wapi? Yeye hutembea kinyumenyume mbele ya mwigizaji, na nyuma yake yuko kijana anayemshika mkanda asianguke. Korido ya filamu ni ya watu wawili na nusu. Tukabomoa, tukajenga upya kwa futi 4, ambao ndio upana wa plaiwudi nzima. Ningeanza hapo ningeokoa siku tatu na mbao nyingi zilizoishia kuwa kuni.

Mimi ni seremala. Ufundi niliuanzia Matondoni, Lamu, kwa mjomba wangu aliyekuwa akiunda majahazi, kisha nikahamia Malindi kwenye milango, vitanda na kaunta za hoteli. Filamu sikuwa na habari nazo. Hawa vijana walifuata Marafa, lile korongo la udongo mwekundu na mweupe ambalo wenyeji huliita Nyari. Wakaona linafaa kuwa sayari bila kuongezewa kitu, basi wakaamua na ndani ya chombo wapigie hukuhuku, wasibebe mizigo mpaka Nairobi na kurudi. Wakakodi ghala tupu lenye paa la mabati, wakauliza seremala gani anafaa, mtu akanitaja.

Nilikubali kwa kiburi, sifichi. Mimi nimezaliwa Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini ya Malindi. Anayeijua Ngomeni anajua yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyosimama baharini, San Marco na Santa Rita. Roketi za Scout, za Wamarekani, zilirushwa kutoka pale tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi hiyo, wakaipa jina Uhuru. Marehemu baba alikuwa baharia kwenye boti za kuvusha watu na mizigo. Ile ya mwisho ya 1988 niliiona kwa macho yangu, kijana wa miaka kumi na sita nimesimama ufukweni. Kwa hiyo alipokuja mtoto wa juzi kutoka Nairobi kuniambia habari za vyombo vya angani, nilimsikiliza kwa sikio moja.

Sasa, roketi ya Scout haikuwa na pahali pa mtu. Ni bomba. Na mimi kichwani nilikuwa na bomba: jeupe, laini, limenyooka, limepigwa rangi ya kung'aa. Ndivyo nilivyojenga. Nilipomaliza chumba cha usukani nilikiona kizuri mno. Mwongozaji akasimama katikati, akazunguka, akasema, “Mzee wangu, hapa ni hospitalini.”

Akatoa simu akanionyesha picha. Ya kwanza ilikuwa ya 2001: A Space Odyssey, filamu ya mwaka 1968. Kule Uingereza walijenga gurudumu zima lenye kipenyo cha futi 38, kazi ya kampuni ya Vickers-Armstrongs iliyozoea kuunda ndege. Mwigizaji anabaki chini anatembea, gurudumu linazunguka, na mtazamaji anaamini jamaa anapanda ukuta. Hilo lilikuwa jeupe kama langu, nikachangamka. “Tazama na hii,” akasema. Ikawa Star Wars ya 1977. Mpambaji wa seti yake, Roger Christian, alinunua mabaki ya ndege kwenye vyuma chakavu, akayakatakata na kuyabandika ukutani. Chombo kikaonekana kimefanya kazi miaka mingi, kimeharibika kikatengenezwa, kikaharibika tena. “Mimi nataka hiki,” akasema. “Nataka mtu akiingia ahisi harufu ya mafuta.”

Nilirudi nyumbani nimenuna. Usiku ndipo nikacheka peke yangu. Yule binti tangu siku ya kwanza alikuwa akisema “chombo cha angani”, na mimi nilikuwa nikisikia “angani” tu. Nani asiyejua chombo kilivyo ndani? Nimelala kwenye majahazi. Najua pahali kamba inapokula ubao, pahali moshi wa jiko unapotia weusi, pahali ambapo kila mtu hujishika akiyumba mpaka mbao ikawa laini kama sabuni. Hakuna chombo kilichosafiri kikabaki cheupe.

Kutoka hapo kazi ikageuka, na shida yangu kubwa ikawa ni mimi mwenyewe. Kwa miaka thelathini nimelipwa kwa unadhifu. Hapa unadhifu ndio adui.

Chukua gundi. Mimi kiungo changu lazima kitiwe gundi na msumari, kisicheze. Siku ya pili ya kupiga picha, mpiga picha akataka kusogea nyuma mita mbili zaidi, akaniambia, “Fundi, toa ukuta huu.” Nikadhani anatania. Kumbe kwenye seti kila ukuta huwa ni wa kung'oka: leo kamera iko huku, ukuta wa huku unatolewa, kesho unarudi, unatolewa wa pili. Nikaingia na msumeno, watu kumi na wanane wamesimama wananitazama, nikakata kazi yangu mwenyewe. Kuanzia siku hiyo sikugusa gundi. Vipande vyote vikawa vya futi 4 kwa 8, kila kimoja kina fremu yake nyuma, vimeshikana kwa bolti na nati za mabawa ambazo mtoto anaweza kufungua kwa vidole. Nyuma ya kila kipande nikaandika namba kwa chaki, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Mpwa wangu alikuwa akibandua ukuta kabla chai haijapoa.

Mbao za kupinda zilinipa raha zaidi. Mwongozaji alitaka kuta zisisimame wima, zijikunje juu kama mbavu. Hilo naliweza. Kwenye jahazi kuna mataruma, ndizo mbavu zake, na taruma zuri halipindwi, linatafutwa: unazunguka na kigezo chako mpaka uuone mti uliokwisha kupinda wenyewe. Hapa sikuwa na muda wa kutafuta miti, nikayakata mataruma kutoka plaiwudi ya milimita 18, mawili mawili yamepandana. Ya kuvika juu ilikuwa ya milimita 6, na pale ilipokataa kupinda nikaipiga mifereji kwa msumeno upande wa nyuma, kila baada ya vidole viwili, ikalegea ikafuata. Umbo lenyewe nilichora sakafuni kwa mkaa, kama alivyokuwa akifanya mjomba mchangani. Yule binti alikuwa na mchoro wa kompyuta wa kupendeza. Nikaukunja nikauweka mfukoni.

Halafu vikorokoro. Wenzetu wa filamu wana jina lao, mimi nilisema vikorokoro na kufikia wiki ya pili wote walikuwa wakisema hivyo. Ni yale madude yanayojaza ukuta wa chombo, mabomba na masanduku na vifuniko, ili jicho liamini kuna mashine nyuma. Tulizunguka kwa mafundi wa friji, kwa wa mashine za boti, kwa wauza chuma chakavu, tukarudi na mkokoteni: neti za nyuma za friji, vifuniko vya mashine za boti, kibodi zilizokufa, feni za kompyuta, mabomba ya plastiki ya kila unene, kreti, vizibo.

Mpwa wangu akajaza ukuta mzima kwa mchana mmoja, pasibaki pa kuweka kidole. Kwa macho ulipendeza. Kwenye kamera ukawa uji. Jicho halikujua litue wapi. Tukang'oa nusu, tukaacha sehemu tupu kabisa, na pembeni ya kila sehemu tupu tukakusanya fungu. Nikaweka na sharti: hubandiki kitu mpaka unijibu ni cha nini. “Hii ni ya nini?” “Mjomba, hii inapoza maji.” “Maji yanaingilia wapi?” Kimya. Basi weka bomba. Ukishaweka bomba lazima lifike mahali, na likifika mahali pale pana tangi, na tangi lina mlango wa kulikagua, na mlango una alama za mikono. Ukuta ulijijenga wenyewe kwa maswali, na ndipo ukaanza kufanana na chumba cha injini.

Kosa hatukulikwepa lakini. Tulipoonyesha filamu baadaye kwa watu wa mtaani, kwa shuka na projekta, kuna pahali ambapo kiongozi wa msafara anaaga kwa huzuni kubwa. Sauti ya mtoto ikatoka mbele: “Trei za mayai!” Baraza zima likaangua kicheko. Kweli, nyuma ya kichwa chake zilikuwepo trei mbili za mayai, tumezipiga rangi ya fedha tukadhani tumemaliza. Kitu ambacho kila nyumba inakijua hakifichiki kwa rangi. Ukikate, ukigeuze, ukichanganye na kingine, au usikitumie.

Nataka nieleze namna ya kuzeesha, maana hii watu huniuliza sana. Rangi ya kung'aa kwanza itupe. Mwanga unarudi na unaiona kamera yenyewe ukutani. Tumia rangi isiyong'aa. Kisha piga koti la rangi ya fedha, liache likauke kabisa. Chukua mshumaa, sugua pale tu ambapo mkono wa mtu ungegusa kila siku: pembe za milango, kingo za meza, karibu na vitasa. Juu yake piga kijivu chako. Kikikauka, sugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Pale penye nta rangi inabanduka na fedha inatokeza, kwingine inashika. Kwenye kamera utaapa ni chuma kilicholiwa na vidole. Mwisho, loweka masizi kwenye maji na gundi nyeupe kidogo, pakaza ukuta mzima, na kabla hayajakauka yafute kwa tambara, ukielekea chini. Yatabaki kwenye maungio na chini ya vichwa vya bolti, mahali uchafu unapokaa kikweli.

Mpwa alipenda mno shughuli hii akawa anachubua kila kitu. Nikamzuia: nani anashika dari? Chombo huchakaa kwa sababu. Chini ya kiti huchakaa kwa visigino, mbele ya mlango sakafu huchakaa, na pembe ya ndani ya kabati hubaki mpya miaka yote.

Nyota nazo zina kisa. Nje ya dirisha palitakiwa anga. Tulinunua kitambaa cheusi cha mabuibui, jora zima, mwenye duka akaniuliza kama nimefungua biashara. Wazo lilikuwa kukitoboa na kuweka taa nyuma. Kazi ya kutoboa nikampa jirani yangu anayeshona kofia za vito, zile za kudariziwa, mtu mwenye mkono usiotetemeka. Siku mbili baadaye akaleta kitambaa, tukawasha taa, na anga likatokea limepangwa safu kwa safu, maua na mizunguko, kama kofia ya bwana harusi. Kazi safi ajabu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mwishowe mwongozaji akamshukuru, akamwomba atoboe jora la pili akiwa amefumba macho na anatupa choroko juu ya kitambaa; zinapoangukia, atoboe hapo. Sindano tatu za unene tofauti, ile nene zaidi itumike mara chache. Lile la kwanza nilibaki nalo, mke wangu amelitundika dirishani.

Tukadhani tumepona. Kumbe ilikuwa msimu wa kusi, upepo unapenya kwenye mabati, kitambaa kinacheza na nyota zinametameta. Kwa sisi wa chini nyota kumeta ni kawaida, lakini kinachozifanya zimete ni hewa iliyo kati yetu na zenyewe. Huko juu hakuna hewa, zinatulia tu. Tukakiwamba kitambaa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma.

Mlango wa kuteleza ulikuwa fahari yangu na aibu yangu. Hakuna mota. Hata kwenye Star Trek ya miaka ya sitini milango ilikuwa ikivutwa na watu waliojificha nyuma, basi nami nikaweka vijana wawili, kamba na kapi, na reli nikaisugua mshumaa isilie. Wao nyuma hawaoni mbele, kwa hiyo nikawatobolea kitundu. Kitundu kikawa kidogo, mwigizaji akaja na mwendo wa hasira kama alivyoelekezwa, mlango ukachelewa nusu sekunde, akaupiga kwa pua. Damu kidogo. Nikakipanua kitundu na kukivalisha wavu nikakiita spika.

Kuhusu sauti sikuwa nimefikiri hata kidogo. Sakafu ya plaiwudi iliyoinuliwa ni ngoma. Nahodha akitembea unasikia chakacha. Tulijaza makumbi ya nazi chini, tukatandika mikeka chakavu, juu yake mpira. Taa za utepe nazo zilituchezea. Ukizipunguza kwa ile swichi ya kupunguzia, macho yanaona sawa, lakini kwenye kamera mistari myeusi inapanda kama mawimbi, kwa sababu swichi ile haipunguzi mwanga, inazima na kuwasha kwa kasi. Dawa yake ilikuwa kuziacha ziwake zote na kuzifunika kwa karatasi ya kuokea keki, moja, mbili, tatu, mpaka mwanga ukae unavyotaka.

Na kuelea angani? Tulikuwa na kipande kimoja tu cha kuelea. Tuliiga ile kalamu ya filamu ya 1968, iliyobandikwa kwenye kioo kikubwa na kioo kikazungushwa taratibu mbele ya kamera. Yetu ilikuwa tende. Rubani anaiacha mkononi, inaelea, anaidaka kwa kuibandua. Mara kumi na moja tulirudia na zote alizila.

Maandishi ya ukutani tuliandika kwa Kiswahili. Hapo nilisimama kidete kidogo, maana mchoro wa kwanza ulikuwa na Kiingereza chote. Nikamwambia, “Mwanangu, kama chombo kimetoka kwetu, mabaharia wake wanasoma nini?” Akakubali, tukabishana siku nzima kama tangi liandikwe OKSIJENI au HEWA. Ikashinda HEWA, ni fupi na inasomeka kwa mbali. MAJI. USIFUNGUE SAFARINI. Mahali pamoja nyuma ya mlango, bila ya kumwambia mtu, nilichora jicho dogo la mviringo, jeupe na jeusi, kama yanayowekwa kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, za vyombo vya Lamu. Mpiga picha aliliona kabla yangu kusema lolote. Aliuliza ni nini, nikamwambia chombo lazima kione kinakokwenda. Likaingia kwenye picha ya mwanzo kabisa ya filamu.

Tulipomaliza tulivunja kila kitu kwa asubuhi moja, shukrani kwa nati za mabawa. Mataruma mengine yakawa rafu za duka. Kipande chenye HEWA kiko Ngomeni kwa dada yangu, kimekuwa mlango wa banda la kuku.

Mwezi uliopita yule binti akanipigia. Wana filamu nyingine, chombo kikubwa zaidi, chumba cha injini cha ghorofa mbili, akaanza kunieleza mchoro alioutengeneza na jinsi ulivyo mzuri. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia mchoro nitautazama, hakuna haraka, lakini kabla sijakata hata ubao mmoja aniletee nguo, ikiwa na mtu ndani, na mpiga picha wake, na yule anayemshika mkanda.